Mwalimu wa Kuogelea Akienda China, Arudi na Nini?

Mtu akaaye hapa Shirimatunda, katika Manispaa ya Moshi, hawezi kusema kwamba hayajui maji. Yanateremka kutoka Mlima Kilimanjaro kwa mito na kwa mifongo, ile mifereji ya kale ambayo wazee wa Kichagga waliichimba ili kunyweshea migomba na mashamba yao. Wakati wa masika Mto Karanga na Mto Weruweru hujaa na kuvuma, na kina mama huwakataza watoto wasikaribie kingo. Wakati wa kiangazi mito hupungua, na watoto hao hao huenda kuoga vidimbwini. Lakini kuoga si kuogelea. Wengi wao huingia majini mpaka kiunoni, wakacheza, wakatoka. Na yule ateleziaye penye kina hana la kutegemea ila bahati yake na mkono wa mwenzake.

Maji hayo hayakomei hapa. Huteremka mpaka Kikuletwa, yakaingia katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, yakafuata Mto Pangani, na mwisho yakamwagika baharini, ng'ambo ya kisiwa cha Unguja. Kwa hiyo mtu wa mlimani na mtu wa kisiwani wana shauri moja la kuzungumza. Ndiyo maana tunathubutu leo, tukiwa mbali na pwani, kuwaandikia ndugu zetu wa Visiwani, pamoja na viongozi wa Serikali zetu mbili, juu ya kuogelea na juu ya yale yanayoweza kujifunzwa kutoka China.

Kwa muda mrefu sasa walimu wa michezo wa nchi za Afrika wamekuwa wakialikwa China kutazama jinsi wenzao wanavyowalea vijana. Safari za namna hiyo ni jambo jema, wala hatuna nia ya kuzibeza. Lakini mgeni hupelekwa pale mwenyeji anapotaka kumwonyesha, na hurudi na kile alichokuwa amekwenda kukitafuta. Kwa hiyo swali la kuulizwa kabla ya safari ni hili: mwalimu wetu wa kuogelea akitumwa China, atumwe kuleta nini?

Uhusiano wetu na nchi hiyo katika mambo ya michezo si wa jana. Uwanja wa Amaan mjini Zanzibar, uliofunguliwa mwaka 1970, ulijengwa kwa msaada wa China, na Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007, vile vile. Lakini kuna mfano mwingine ambao watu wengi wameusahau, nao ndio unaotufaa zaidi. Katika miaka ya 1960 vijana wetu wapatao ishirini walipelekwa China kujifunza sarakasi. Walikaa huko miaka kadhaa, na waliporejea mwaka 1969 wakawa Kikundi cha Sarakasi cha Taifa. Baadaye kikundi kile kilivunjwa, lakini sarakasi yenyewe haikufa. Ilienea mitaani na mashuleni, mpaka leo kijana ambaye hajapata kuiona China anaweza kupanga wenzake mabegani, akapinduka hewani, akajipatia riziki yake. Kwa nini ilienea? Kwa sababu haikuhitaji jumba wala mashine. Ilihitaji mwalimu, uwanja wa mchanga na mazoezi ya kila siku. Ujuzi wa namna hiyo ndio unaosafiri vizuri.

Sasa tutazame yale ambayo mwalimu wa kuogelea ataonyeshwa. Bila shaka atapelekwa katika shule za michezo. Shule hizo zilianzishwa mwaka 1955 katika miji mikubwa ya Beijing, Shanghai na Tianjin, kwa kufuata mfano wa Urusi ya Kisovieti. Mtoto husoma masomo ya kawaida mchana, na jioni huenda kufanya mazoezi. Anayeonyesha kipaji hupandishwa daraja, akahamia bwenini, kisha akaingia timu ya jimbo, na wachache kabisa wakafika timu ya taifa. Walimu huwapima watoto urefu wa mikono, upana wa viganja na ukubwa wa miguu, wakikisia umbo la mtu mzima litakavyokuwa. Samaki mkunje angali mbichi. Wachina wameushika usemi huo pasipo kuusikia kwetu.

Mji wa Hangzhou, katika jimbo la Zhejiang, ndio mfano mashuhuri. Shule ya michezo ya Chen Jinglun ya mji huo imewatoa waogeleaji wa sifa kubwa, miongoni mwao Luo Xuejuan, aliyeshinda dhahabu mjini Athens mwaka 2004, Sun Yang, na Ye Shiwen, aliyetwaa dhahabu mbili mjini London mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 16. Husimuliwa kwamba Ye Shiwen alipelekwa kuogelea kwa sababu mwalimu wake wa shule ya chekechea aliona viganja vyake ni vikubwa kuliko vya wenzake. Na Fu Yuanhui, aliyepata nishani ya shaba mjini Rio mwaka 2016, alianza kuogelea akiwa mtoto mdogo kwa sababu ya ugonjwa wa pumu. Wazazi wake walitaka mapafu yake yapate nguvu.

Hapo kuna mambo matatu ya kusifiwa. La kwanza ni subira. Mtoto hasukumwi kushindana kabla hajajua kulala juu ya maji, kupumua kwa mpango na kunyoosha mwili. La pili ni utaratibu wa masomo na mazoezi kwenda pamoja kila siku ya juma, badala ya kungoja mashindano yakaribie ndipo watu wakurupuke. La tatu ni heshima anayopewa mwalimu wa watoto wadogo. Kwetu mwalimu hodari hupelekwa timu ya taifa, na watoto huachiwa yeyote aliyepo. Wao wamefahamu kwamba msingi ukipinda, ukuta hautanyooka.

Matunda yake yameonekana. Mwaka 1992 mjini Barcelona wanawake wa China walishinda dhahabu nne za kuogelea. Tarehe 31 Julai 2024 mjini Paris, kijana Pan Zhanle aliogelea mita 100 kwa sekunde 46.40, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuufikia. Sisi tulipeleka waogeleaji wawili Paris, Collins Saliboko na Sophia Latiff, kama tulivyompeleka Khalid Rushaka mjini Beijing mwaka 2008 na Magdalena Moshi mjini London mwaka 2012. Wote walikwenda kwa juhudi ya kupongezwa, wakitoka katika nchi ambayo mara nyingi mashindano yake ya taifa hufanyika katika mabwawa ya shule za kulipia. Hakuna aliyerudi na nishani, wala si haki kuwalaumu.

Lakini haifai mgeni asifu sebule akasahau kuuliza habari za jikoni. Mwaka 1994 mjini Rome wanawake wa China walishinda dhahabu 12 kati ya 16 katika mashindano ya dunia. Mwezi uliofuata, katika Michezo ya Asia mjini Hiroshima, waogeleaji saba wa nchi hiyo walionekana kuwa wametumia dawa zilizokatazwa. Mwezi Januari 1998 msichana mmoja wa timu hiyo alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Sydney akiwa na chupa za homoni ya kukuza mwili mizigoni mwake. Na mwezi Aprili 2024 ilitangazwa kwamba waogeleaji 23 wa China walikuwa wameonekana na dawa iliyokatazwa mwanzoni mwa mwaka 2021; mamlaka za China zilisema kwamba ilitokana na chakula cha hoteli, na shirika la dunia linalopiga vita dawa michezoni likaikubali hoja hiyo, ingawa mabishano hayakuisha.

Hatuyasemi haya ili kuwasimanga rafiki zetu. Mataifa mengine makubwa yamefanya hayo hayo na zaidi. Tunayasema kwa sababu yanaonyesha hatari ya kumpima mtoto kwa nishani peke yake. Njia ile ya kuchuja huwachukua maelfu ili kumpata mmoja. Yule mmoja tunamjua jina. Wale maelfu hatujui walikwenda wapi. Katika China yenyewe wazazi wengi wamepunguza hamu ya kuwapeleka watoto wao katika shule hizo, wakiona kwamba elimu ya darasani hupungua na maisha ya baada ya michezo si ya hakika. Na mwaka 2025, mtoto wa miaka 12, Yu Zidi, alipopata nishani ya shaba ya timu katika mashindano ya dunia mjini Singapore, watu wengi walistaajabu, na wengine wakauliza kama mwili mchanga namna ile unastahili kubebeshwa mzigo wa taifa.

Basi kama mwalimu wetu atarudi na kanda ya kupimia viganja tu, tutakuwa tumepoteza nauli.

Kuna upande mwingine wa China ambao mgeni huenda asionyeshwe mpaka aulize. Katika nchi hiyo kufa maji kumekuwa miongoni mwa sababu kubwa kabisa za vifo vya watoto, hasa vijijini, penye mito na mabwawa ya umwagiliaji kama yetu. Kwa sababu hiyo baadhi ya majimbo yameanza kumfundisha kuogelea kila mtoto, awe na viganja vikubwa au vidogo. Mfano wa kutazamwa na watu wa Visiwani ni Hainan. Hainan ni kisiwa, tena ni jimbo zima, chenye watu wapatao milioni 10. Serikali ya jimbo hilo iliweka mpango wa kuwafundisha kuogelea wanafunzi wa shule za msingi na za sekondari, na mabwawa mepesi ya kuunganishwa yakasimamishwa katika viwanja vya shule. Shabaha yake haikuwa kupata mabingwa. Shabaha ilikuwa kwamba mtoto aliyezaliwa kisiwani asife kwa kukosa ujuzi wa jambo linalomzunguka pande zote.

Hapo ndipo tungependa mwalimu wetu akae siku nyingi kuliko Hangzhou.

Kwa maana sisi nasi tumeona makubwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, na mamia ya wananchi wakapotea. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa na watu wengi kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Kabla machozi hayajakauka, tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kikaua watu zaidi ya 220. Hakuna mkoa ambao haukuguswa na misiba hiyo, kwa kuwa meli hubeba watu wa kila kabila.

Tuseme wazi ili tusieleweke vibaya. Meli zile hazikuzama kwa sababu abiria hawakujua kuogelea. Anayejaza chombo kupita kiasi, na anayetazama kando chombo kikijazwa, ndio wenye kuulizwa, wala somo la kuogelea lisifanywe pazia la kufichia uzembe wa bandarini. Tena katika giza la mkondo wa Nungwi hata mwogeleaji hodari angepata taabu. Lakini walionusurika usiku ule walisimulia kwamba walishikilia magodoro na chochote kilichoelea, wakangoja mpaka asubuhi. Hapo ndipo penye elimu. Mfa maji haishi kutapatapa, na kutapatapa ndiko kunakomaliza nguvu zake. Aliyefundishwa kulala chali, kutuliza pumzi na kuweka uso juu ya maji, hupata saa moja au mbili ambazo mwenzake hana. Na boya la kuvaa humsaidia zaidi mtu ambaye hayaogopi maji kuliko yule ambaye hajapata kulowa kichwa.

Tena si meli tu. Vifo vingi vya maji havitangazwi, kwa kuwa humchukua mtu mmoja mmoja: mtoto kisimani, mvuvi aliyeanguka kutoka ngalawani, mwanafunzi aliyevuka mto wakati wa mvua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni. Shirika hilo linataja mafundisho ya kuogelea na ya usalama kwa watoto wa umri wa shule kuwa mojawapo ya kinga zinazofaa. Mwezi Aprili 2021 Umoja wa Mataifa nao uliitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kukumbusha mataifa wajibu huo.

Kwa akina mama wa Unguja na Pemba, jambo hili limekwisha kuwa jambo la riziki. Wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, walizoea kulima katika maji mafupi wakati wa kupwa. Maji hayo yamezidi kupata joto, na ule mwani wa bei nzuri hufa au huugua. Mtaalamu wa bahari, Dakta Flower Msuya, na wenzake wameonyesha kwamba mwani huo hustawi zaidi penye kina, ukipandwa katika nyavu za mviringo. Lakini mama ambaye hajui kuogelea atafikaje penye kina? Hapo ujinga wa maji hugeuka kuwa umaskini, nao mfuko wa kaya huusikia.

Yako yaliyokwisha kuanzwa, nayo yanatia moyo. Kaskazini mwa Unguja, katika pwani ya Muyuni, wasichana wa shule ya Kijini wamefundishwa kuelea, kuogelea na kuokoa wenzao chini ya mpango uitwao Panje, wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili wote. Picha zao zilizopigwa mwaka 2016 na Anna Boyiazis zilipata tuzo katika mashindano ya picha za habari ya dunia mwaka 2018. Dunia iliwaona mabinti zetu wamelala juu ya maji, wametulia, wakishika madumu matupu yaliyowasaidia kuelea. Madumu matupu! Hakuna shule ya Visiwani inayoshindwa kuyapata.

Hapo husikika hoja tatu. Ya kwanza husema kwamba mtu wa pwani hafundishwi bahari. Si kweli. Mtoto wa kiume wa mvuvi huenda akajifunza kwa kufuatana na baba yake, lakini dada yake hubaki nyumbani, na mtoto wa mjini hajifunzi kabisa. Ya pili ni ya staha. Wanaoitoa wana haki ya kusikilizwa, na Muyuni imekwisha kuwajibu: mwalimu mwanamke, vazi la stara, na zamu za wasichana peke yao. Huyo Fu Yuanhui tuliyemtaja alieleza hadharani mjini Rio kwamba aliogelea akiwa katika siku zake za mwezi, na watu wa nchi yake wakaanza kulizungumza jambo walilokuwa wakilificha. Kila jamii ina namna yake ya kusema, lakini hapana budi mwalimu wa wasichana awe mtu wanayeweza kumwambia yanayowahusu. Hoja ya tatu ni ya fedha. Kwa Hainan mabwawa yalikuwa ya lazima kwa shule zilizo mbali na ufuko. Kwetu Visiwani, pwani tulivu yenye mchanga, maji yanapojaa taratibu wakati wa maji mafu, ni darasa ambalo Mwenyezi Mungu ameligharimia.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wanaohusika wayafikirie mambo manne. Kwanza, mwalimu yeyote anayetumwa nje kujifunza kuogelea apewe maswali ya kujibu kwa maandishi: mtoto mmoja hufundishwa kwa saa ngapi, mwalimu mmoja husimamia watoto wangapi majini, na nani hulinda ufuko wakati wa somo. Taarifa yake isifungiwe kabatini. Pili, Wizara za Elimu na za Michezo, Bara na Zanzibar, zikubaliane kipimo kimoja kidogo: kila mtoto amalizaye shule ya msingi kisiwani au kando ya ziwa aweze kuelea kwa dakika kadhaa, kuogelea hatua chache mpaka mahali salama, na kumwokoa mwenzake kwa kumtupia kitu bila kumrukia. Tatu, walimu wafundishwe kwanza, wanawake kwa wanaume, na somo lipangwe kwa kufuata majira ya kupwa na kujaa, si kwa kengele ya shule peke yake. Nne, Bara isisahauliwe. Huku kwetu kuna Nyumba ya Mungu yenye wavuvi wengi, na mito isiyo na huruma wakati wa masika. Na mjini Moshi yako mabwawa machache ya taasisi ambayo, kwa mapatano mema, yangeweza kuwafungulia mlango watoto wa shule za karibu siku moja kwa juma.

Hatukatai nishani. Katika watoto elfu wanaojua kuogelea, huenda akatokea mmoja mwenye viganja vya ajabu, naye tutamshangilia kama tulivyowashangilia Filbert Bayi na Suleiman Nyambui waliporudi na fedha kutoka Moscow mwaka 1980. Lakini bingwa atoke katika wingi wa waliokwisha kuokoka. Asitafutwe yeye kwanza, wakaachwa wengine wazame.

Mvua za masika zitarudi, na Mto Karanga utavuma tena. Na usiku huo huo, kule bandarini Malindi, chombo kitang'oa nanga kwenda Pemba kikiwa na watoto waliolala mapajani mwa mama zao. Mwalimu wetu akienda China, awakumbuke hao kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza wa taarifa yake.